Uso Uliobaki Kwenye Karatasi

Joséphine aliisikia harufu ya kahawa kabla hajaingia ndani, na haikumpendeza. Nyumbani kwake Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, kahawa hupikwa asubuhi, nayo ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa ametoka sokoni na bobini tatu za uzi, akili yake yote iko kwenye gauni la harusi la mteja mmoja msumbufu. Alipovuka mlango, gauni likamtoka akilini.

Binti yake Fortunée alikuwa ameinamia meza ya kukatia nguo. Mbele yake palikuwa na kikombe cha kahawa nzito, brashi, na daftari kuukuu lenye jalada la bluu. Sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda miaka mingi lilikuwa wazi.

Msichana huyu wa miaka ishirini na miwili alikuwa na daftari lake la michoro, na kila siku alilijazia ukurasa mmoja: leo uso wa mchuuzi, kesho kipande cha kitenge kilichobandikwa kwa uji wa muhogo, keshokutwa jani lililopakwa rangi na kugandamizwa. Alikuwa hodari wa mikono kama mama yake, na mbishi kama mama yake pia, ingawa ni mmoja tu kati yao anayelikubali hilo. Ila kwa mwezi mzima mkono ulikuwa umemkaukia. Kila alichochora alikwisha kukichora. Ndipo rafiki yake Arielle alipomwonyesha kwenye simu namna watu wanavyopaka kahawa kwenye karatasi ya zamani, wakaiacha ikauke, wakachora juu ya madoa. Kutafuta karatasi ya zamani ndiko kulikomfikisha kwenye sanduku.

"Mama, usikasirike," alisema. "Hii njo kaye, daftari ya vipimo tu. Hizi za nyuma ziko wazi, hakuna kitu juu yake."

"Weka ile brashi chini."

"Lakini mama..."

"Fortunée. Weka chini."

Joséphine alisogea mezani. Katikati ya daftari palikuwa na kishina cha ukurasa uliochanwa zamani, na ukurasa uliofuata ulikuwa umelowa kahawa kuanzia chini hadi karibu na nusu. Akashika ukingo wa meza.

Mwaka 2001 Kindu ilikuwa mji uliofungwa. Askari walioushika walikuwa ndani, wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa porini, treni haikufika, na mtu akionekana anatoka upande wa mashamba aliulizwa maswali yasiyo na jibu zuri. Njaa ilipozidi, Elie, mumewe Joséphine, aliamua kwenda upande wa Tunda, mashambani, kwa baiskeli kutafuta muhogo na mafuta ya mawese. Joséphine alikuwa na mimba ya miezi mitano. Asubuhi ya safari Elie alikaa mlangoni akiziba mpira wa baiskeli, na Joséphine akachukua daftari la vipimo vya wateja akamchora. Biki yake, kalamu ya wino, ilikuwa inakaribia kufa, na biki mpya siku zile ilikuwa anasa, basi akaipasha moto na kuikandamiza kwa nguvu zake zote.

Siku nne baadaye askari walikuja kukagua nyumba. Komanda wao alisimama mlangoni, palepale alipokaa Elie, akafungua daftari.

"Hizi namba ni za nini? Munatumia bantu wa pori habari?"

"Ni vipimo, komanda. Kifua, kiuno, mikono."

Akafunua ukurasa mwingine. "Na uyu ni nani?"

Joséphine aliinama akaangalia buti za komanda. "Simujui."

"Humujui, na umemuchora mpaka na kovu?"

"Ni muntu wa soko tu. Simujui."

Komanda aliuchana ukurasa polepole, kwa uangalifu, akaukunja na kuutia mfukoni. "Sisi tutamujua," alisema.

Elie hakurudi. Hapakuwa na maiti, wala habari, wala mtu wa kuuliza. Picha yao ya harusi iliondoka pamoja na fremu yake siku nyumba ilipoporwa. Joséphine alijilaumu mara mbili, kwa kumkana mumewe na kwa kuwapa sura yake wale waliokuwa wakimtafuta, na tangu siku ile hakuchora tena hata ua.

Lakini alikuwa fundi wa kushona, na fundi anajua kwamba alama ikikandamizwa sawasawa hushuka hadi kwenye kitambaa cha chini. Alijua tangu siku ileile kwamba Elie yupo kwenye ukurasa uliofuata, mweupe juu ya mweupe. Kila mwaka alijiambia atamtoa, na kila mwaka aliogopa macho yake. Aliona hakuna haraka. Karatasi haikimbii.

Sasa ilikuwa inakimbia. Kahawa ilikuwa imejaa kwenye mifereji ya biki, na kwa muda mfupi mistari ya kahawia ilionekana: kidevu, pembe ya mdomo. Kisha karatasi ikavimba, na mistari ikaanza kuzama mbele ya macho yake.

"Lete makala ya jiko," alisema. "Moja laini. Kimbia."

Fortunée alikimbilia jikoni kuleta kaa bila kuuliza. Joséphine alichukua vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye ushonaji, akaanza kunyonya maji kwa kugusa tu, maana karatasi ile ingechanika kwa kusuguliwa. Alipofikia mdomo, haukuwapo tena.

Mteja akileta shati na kutaka jingine kama hilo bila kulifumua, Joséphine hutandaza gazeti juu yake, akapitisha vumbi la makaa kwa kitambaa, na mishono ikajitokeza yenyewe. Alikuwa amefanya hivyo mara mia. Aliponda kaa, akachovya kitambaa, akagusa kona ya juu. Doa jeusi tii likatokea. Alikuwa amekandamiza mno, na doa la makaa halifutiki.

"Nipe mimi, mama."

Joséphine alimtazama mtoto aliyemwaga kahawa juu ya uso wa baba yake. Alikuwa na hasira naye, tena hasira ya kweli. Akampa kitambaa.

"Usikandamize. Vumbi ikae juu, isiingie ndani. Kama unapanguza jicho ya mutoto mwenye analala."

Fortunée alipanguza. Karatasi iligeuka kijivu kidogokidogo, na ndani ya kijivu mistari ikabaki myeupe: nywele, sikio, kovu juu ya nyusi, jicho moja na la pili, yote mawili yakitazama chini kwenye mpira wa baiskeli. Unyevu ulikuwa umepanda hadi chini ya pua. Pale kitambaa kikasimama chenyewe, kwa kuwa chini ya hapo palikuwa na kahawa tu.

Fortunée aliweka kitambaa chini. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za komanda, wala za swali lake.

"Mama," aliuliza kwa sauti ndogo, "uyu ni nani?"

Joséphine alisikia buti. Alisikia karatasi ikichanwa polepole. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuinamisha kichwa.

"Ninamujua," alisema. "Uyu njo Elie. Uyu njo bwana yangu, njo baba yako."

Kisha akageukia mlango, ambao haukuwa na mtu, akasema tena kwamba anamjua, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.