Kiti cha Mteja

Kila Ijumaa saa tatu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, fundi wa programu alibeba kiti cha plastiki cha bluu akakiweka kwenye meza ya mkutano. Hakikukaliwa na mtu, kiti hicho. Bosi ndiye aliyeleta mtindo huo: kiti cha mteja, ili wasisahau wanamtengenezea nani. Na programu yao ilikuwa moja tu, ya simu, ya kumwita nesi nyumbani. Unabonyeza, nesi anakuja. Kazi nzuri, nani atasema vibaya?

Ijumaa moja wakakuta kiti kimekaliwa na mama mmoja, mguu huu ndala, mguu ule peku. Alikuwa amekufa tangu Jumanne. Bosi akamsogezea kikombe cha chai.

"Programu yetu unaionaje, mama?"

"Nzuri, baba. Ila nilipobonyeza nesi, ikaniuliza kwanza naipa nyota ngapi. Kifua kinabana, mie natafuta miwani!"

"Ukatoa ngapi?"

"Tano. Ile ya tano ndiyo kubwa. Zile ndogo kidole hakizipati."

Bosi akaandika: tano. Fundi akainamia viatu vyake. Nyota ya tano aliikuza yeye, na siku ile walimpigia makofi.

Ijumaa iliyofuata wakaja wawili, kisha wanne, ikabidi kuazima viti kwa fundi cherehani wa chumba cha pili. Wafu wale hawakuwa na makuu. Walisema yao, wakaaga, wakaondoka kabla ya chakula cha mchana.

"Bosi, tuutoe ule ukurasa wa nyota," fundi akasema. "Mama yangu anatumia programu hii, na ana pumu."

"Tukiutoa tutajuaje kama wanatupenda? Watu wanatoa tano tupu, wewe unataka kumziba mteja mdomo?"

Wenzake wakacheka. Na hakuna badiliko lililotoka pale bila bosi kulipitisha, basi likaishia hapo.

Jioni fundi akampigia mama yake, akamsihi aifute ile programu, akishikwa na pumu ampigie yeye.

"Niifute?" mama akasema. "Kazi ya mikono yako? Nimeshawawekea majirani wote, toka hapa!"

Mwezi haukuisha. Ijumaa fundi akaingia na kiti chake cha bluu, akamkuta mama yake ameshakaa kwenye kiti cha fundi cherehani, mkoba mapajani.

"Umekonda," mama akamwambia. "Huli?"

"Nakula, mama. Mbona hukunipigia?"

"Nilijua uko kazini. Nikabonyeza. Nimekupa tano, mwanangu. Hata isingekuwa kubwa ningeitafuta hiyohiyo."

Bosi akaandika: tano. Akasema mwezi huu wateja wametupenda kuliko miezi yote, tupige makofi. Wakapiga. Mama naye akapiga, akimtazama mwanawe.

Fundi akaweka kile kiti cha bluu chini, akatoka kwenda kuazima kingine, maana mlangoni walikuwa wamesimama majirani watatu.