Sema Umepokea

Mama Dirisha, jirani yetu, anasema Dada alimziba mama yetu mdomo kwa taulo. Anasema aliona kwa macho yake mawili, ingawa dirisha lake linatazama ukuta wetu, si chumba chetu. Kwa maelezo yake, siku ile maprofesa walipokuwa wakimsaili Dada kwenye kompyuta, mama alianza kulia anaomba maji. Dada akainuka na koti lake la suti, akaingia chumbani, kukasikika "puu", halafu kimya. Alipotoka alikuwa anatabasamu, na maprofesa wakampa nafasi papo hapo.

"Udaktari gani huo unaoanza kwa kunyamazisha wagonjwa?" aliuliza pale bombani, ndoo yake imeshajaa zamani na maji yanamwagika miguuni mwake. "Na yule mdogo wake, masikini wa Mungu, kazi kutazama tu. Angefanya nini? Hakusoma."

Masikini wa Mungu ni mimi. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Wanawake waligeuka kuniangalia, wakiningoja niseme ndiyo au hapana. Nikainama nikaanza kusuuza ndoo ambayo ilikuwa safi.

Mama Dirisha si mtu mbaya. Mama alipoanguka, yeye ndiye aliyekuja wa kwanza, kichwa wazi, kiatu mguu mmoja. Ila ulimi wake hauna breki. Na kilichotokea siku ile hawezi kukijua, kwa sababu mlango wa chumba cha mama nilikuwa nimeushika mimi.

Mama alipigwa na kiharusi mwaka niliomaliza shule ya msingi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakapungua. Aliyobaki nayo ni machache, lakini alibakiza yale makali. Dada tayari alikuwa muuguzi wodi ya wanawake, mama akimwita "Nesi" kwa fahari mpaka jina lake tukalisahau. Mimi ni Kitinda. Nafasi ya sekondari niliipata. Mtu wa kushinda na mama ndiye aliyekosekana.

Dada alileta nyumbani sheria za wodini, na kubwa kuliko zote ni ya kukabidhi zamu. Mgonjwa hakabidhiwi kwa kupigiana kelele mlangoni. Anayetoka anasimama upande huu wa kitanda, anayeingia upande ule, mama katikati, macho wazi, anasikia anachosemwa. Anayetoka anaeleza: amelalaje, amekula nini, ngozi imeanza wekundu wapi. Anayeingia anatazama mwenyewe, hasikilizi tu, kisha anasema, "Nimepokea." Kabla neno hilo halijatoka, mguu wa anayeondoka hauvuki kizingiti. "Zamu haiachwi hewani," Dada husema.

Siku moja nilimfanyia utani, nikakataa kulisema. Alisimama na mkoba begani, saa inamkimbia.

"Kitinda, sema bwana, nachelewa!"

"Nasema nini?"

"We mtoto!"

Mama alicheka kwa nusu ya mdomo hadi machozi yakamtoka. Ndipo nikasema.

Alipokwenda kusomea shahada ya kwanza, Dada aliniambia, "Nivumilie mdogo wangu, hii ndiyo ya mwisho, halafu zamu yako." Alipokwenda ya pili alisema hivyo hivyo, ila safari hii alininunulia na viatu. Wanasema elimu haina mwisho. Nilidhani msemo huo ni wa kuwatia moyo wanafunzi. Kumbe ulikuwa unanionya mimi.

Katikati ya hiyo ya pili, fundi cherehani wa kwenye kona, mama mtu mzima anayeshona sare za shule, alinipenda. Nilikuwa nikipita kwake kununua uzi, nasimama kutazama mikono yake. "Wenzako wakija hapa," aliniambia, "siku ya kwanza tu wanataka kushona gauni la harusi. Wewe una macho ya kutulia. Ile cherehani yangu ya pili imekaa inakula vumbi. Dada yako akimaliza, njoo nikufundishe."

Dada akamaliza. Nikaanza kupanga mambo yangu. Halafu jioni moja akaja na uso wa mtu aliyeficha zawadi, akanivuta jikoni.

"Naomba nafasi ya shahada ya uzamivu. Utafiti wa uuguzi."

"Uzamivu ndiyo nini?"

"Ndiyo ya kuzamia kabisa. Unazama kwenye jambo moja mpaka ujue chini kuna nini."

"Na ukishazama, nani anabaki juu na nguo zako?"

Alicheka akanipiga begani. "Wewe mdomo huo! Wewe ndiye ungefaa kusailiwa."

Chuo kiko mbali, ng'ambo ya mpaka, miaka minne. Mama asiambiwe kwanza, alisema, tusimpandishe presha bure. Akipata, atamwambia mwenyewe. Jambo alilotaka kuzamia lilikuwa hili: watu wanaowatunza nyumbani ndugu zao waliopigwa na kiharusi. Migongo yao, usingizi wao, wanavyokata tamaa. Alipokuwa anaandika andiko lake la kuombea nafasi, maswali yake aliyajaribu kwangu. Mimi nilikuwa nakunja mashuka ya mama, yeye yuko mezani na kalamu.

"Mgongo unakuuma? Moja mpaka kumi."

"Unauma kiasi cha mgongo."

"Kitinda, kuwa makini."

"Basi weka sita."

Akaandika. Akageuza ukurasa. "Je, umewahi kutamani mgonjwa wako asingekuwepo?"

"Hapana," nikasema, upesi mno.

Akaniangalia. "Swali linaumiza? Niliondoe?"

"Liache. Kuna watakaolihitaji."

Na nilisema kweli. Mama yangu sijawahi kumtakia mabaya, hata siku aliyonitemea uji usoni. Ila katika maswali yake yote hapakuwa na hata moja kuhusu ndugu mwingine, yule anayetoka asubuhi na mkoba begani. Lingekuwepo, ningeendelea kukunja shuka. Niliyekuwa namwombea akose nafasi ni huyo huyo aliyekuwa ananiuliza.

Siku ya usaili ilikuwa mchana, na mtandao unashika vizuri sebuleni tu. Dada alivaa koti la suti juu, chini suruali ya kulalia, kwa sababu kompyuta inaona mpaka kifuani.

"Juu profesa, chini mgonjwa," nikamwambia.

Alicheka, akakifunga kifungo cha koti mara ya tatu. Akaniita kitandani kwa mama tukakabidhiana kama desturi. Mama alikuwa amesinzia, na kwa mara ya kwanza Dada alikabidhi kwa kunong'ona, mama asisikie.

"Amelala ubavu wa kushoto. Maji amekunywa. Akiita, funga mlango umhudumie mwenyewe. Kitinda, nikiinuka pale mbele ya wale watu nimekwisha. Umepokea?"

"Nimepokea."

Nikakaa kwenye kigoda karibu na kichwa cha mama. Sauti ya Dada ikaanza kupita ukutani, Kiingereza kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Mama akafumbua macho.

"Nesi yupo?"

"Yuko kazini, mama."

Akanitazama. "Kiharusi kilichukua mkono," akasema polepole, akilitafuta kila neno. "Masikio kiliniachia."

Nikamrekebishia mto.

"Anaenda wapi?"

"Haendi popote."

"Nesi!" akaita. Si kwa nguvu sana. "Nesi!"

Niliinuka nikaufunge mlango. Naapa niliinuka kwa ajili hiyo. Nikashika kitasa. Kutoka pale nilimwona Dada kwa mgongo, mabega yamebana ndani ya koti, anaongea kwa mikono. Nikaikumbuka cherehani. Sikukumbuka ubaya wowote alionifanyia Dada, maana haupo. Nilikumbuka lile vumbi juu ya cherehani, basi. Na badala ya kuuvuta mlango nikausukuma, taratibu, mpaka ukagusa ukuta.

Mama akaita tena, na safari hii ilikuwa sauti ya mtu anayeanguka.

Kiingereza kikakatika. Nikasikia Dada anasema maneno mawili matatu ya haraka, kiti kikaburutwa, akaingia. Hakunitazama kwa hasira. Hakunitazama kabisa. Alipiga magoti na koti lake, na mama akamkamata mkono wa koti kwa mkono wake mzima.

"Unaniacha."

"Niko hapa, mama. Nipo."

Mama alikuwa amelowa. Kumbe amelowa muda wote, nami nimekaa kichwani kwake. Dada aliona mara moja. Tukamgeuza, yeye upande huu, mimi upande ule, tukabadilisha shuka, ile chafu akaitupa kwenye beseni. Hiyo ndiyo "puu" ya Mama Dirisha. Na taulo lilikuwepo kweli: alimfuta nalo mama machozi. Kisha akanawa mikono, akarudi kwa maprofesa wake, suruali ya kulalia imeloa magotini.

Usaili ulipokwisha alibaki amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa.

"Nimeharibu," akasema.

Nilimletea chai. Nikampapasa mgongo nikamwambia Mungu ana mipango yake. Na wakati nampapasa, moyo wangu ulikuwa mwepesi kama wa mtoto aliyesikia shule imefungwa. Hilo ndilo linalonila mpaka leo, kuliko mlango wenyewe.

Baada ya wiki kadhaa wakamjibu. Amepata, na chuo kitamgharamia kila kitu. Alipozungumza na profesa atakayemsimamia, profesa huyo alimwambia kwamba baada ya kumwona akiinuka kwenda kwa mama yake hakuna aliyeuliza tena kama anakijua anachotaka kukitafiti.

Dada alinikumbatia palepale jikoni, mikono yangu imejaa sabuni.

"Ule mlango, Kitinda! Nilikuambia ufunge, wewe ukajua zaidi yangu. Uliona mama ananihitaji ukaweka shahada pembeni. Mungu ndiye aliyekuongoza mkono."

"Dada, mimi—"

"Usiseme kitu. Najua."

Alikuwa analia. Nikaona nitamwambia akimaliza kulia. Alipomaliza alianza kucheka, na ukweli wangu ukawa kama mgeni aliyefika watu wakiwa wameshakula.

Kesho yake alimwambia mama mwenyewe. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu, "Nilijua," akageuza uso ukutani.

Hadithi ya taulo nayo ikatembea, ikafika mpaka wodini. Muuguzi mwenzake alimuuliza kwa utani kama taulo lilikuwa kavu au limelowa. Dada alirudi nyumbani ananisimulia huku anacheka, lakini tangu hapo haendi bombani. Hupita njia ya nyuma kama mwizi. Ningeweza kuimaliza hadithi hiyo kwa sentensi moja. Tatizo ni kwamba Mama Dirisha hakubali sentensi moja. Angeuliza, "Kama wewe ndiye uliyekuwa na mama, kwa nini alilia mpaka huyu akainuka?" Hapo ndipo ninapokwama, kila siku, na ndoo yangu.

Juzi fundi cherehani alinisimamisha. "Binti, kuna mwenzio anaitaka ile mashine. Ana haraka. Nimjibu nini?"

"Nipe mpaka Dada aondoke."

"Akiondoka ndiyo utakuja?" aliuliza. Hakuwa ananisuta. Alitaka kujua tu.

Leo asubuhi gari la kumpeleka Dada limekuja mapema. Masanduku yako mlangoni. Tumemwogesha mama pamoja, tumemvalisha gauni lake la maua, tumemwinua kidogo kwenye mito. Dada akasimama upande wake wa kitanda, mimi upande wangu.

"Mgonjwa ni mama yetu," akaanza, kama anavyoanza wodini, sauti imenyooka. "Usiku amelala vizuri. Uji amemaliza, ingawa atakuambia hakupewa. Kisigino cha kulia kina wekundu, kitazame, usikiache kigandamizwe. Jirani akileta maneno, usigombane naye. Mama akiniita…"

Akatazama dari.

"Akiniita, usimwambie niko kazini."

Mama alikuwa anatutazama kwa zamu, yeye, halafu mimi.

"Nikirudi ni zamu yako, Kitinda. Hii ndiyo ya mwisho. Kweli safari hii."

Mama alitoa sauti kwa ile nusu ya mdomo. Ilikuwa kama kicheko, sina hakika.

"Umepokea?"

Sheria inasema utazame kwanza mwenyewe. Nikafunua shuka miguuni, nikashika kisigino. Kina wekundu kweli, na joto. Nje dereva alipiga honi. Ng'ambo ya ukuta dirisha likafunguliwa, nikasikia bawaba zake zinavyolia. Mkono mzima wa mama ukaanza kutambaa juu ya shuka, sikujua unamtafuta nani kati yetu.

"Dada," nikasema, "siku ile ya mlango…"

"Utaniambia kwenye simu, gari linangoja." Alikuwa ameshafika mlangoni, mkoba begani, na vidole vya miguu viko sawa na kizingiti, havijavuka. Akageuka. Hakuwa anatania, wala hakuwa na hasira. Alikuwa anaomba.

"Kitinda. Mdogo wangu. Sema umepokea."

Honi ikalia tena. Nilikuwa bado nimekishika kisigino cha mama, nakitazama.