Maswali Mbele ya Mkwe

Mama Mwiko alipika katika shule ya bweni tangu usichana wake mpaka mvi zikamjaa kichwani. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa kuwa mwiko wake ulikuwa mrefu kumpita yeye mwenyewe, na aliutumia kukorogea na kufukuzia waliovamia jikoni kabla ya kengele. Jiko lilikuwa la kuni. Moshi mwingine uliganda ukutani kama lami, mwingine ukashuka kifuani mwake bila hodi.

Alipostaafu alihamia kwa binti yake, na kikohozi akahamia nacho. Binti alikuwa mwalimu, hakuweza kuacha darasa, kwa hiyo siku ya kliniki ya kifua aliyempeleka ni mkwewe, fundi bomba, mtu mpole asiye na maneno mengi. Walipendana, lakini kwa ile heshima ya kupishana mlangoni na kutazama chini.

Nesi aliwakaribisha, akashika karatasi.

"Mama, kabla hujaonana na daktari nitakusomea maswali. Kila moja unajipa alama, sifuri mpaka tano. Sifuri ni kwamba jambo hilo halikusumbui kabisa. Tano, linakutesa."

"Soma tu, mwanangu."

"Unakohoa?"

"Kama watu wote. Weka sifuri."

"Ukipanda ngazi, pumzi zinakatika?"

Mama Mwiko akamtupia jicho mkwewe aliyeketi pembeni. "Ngazi napanda vizuri."

"Na kuoga je? Unamaliza bila shida, au inabidi upumzike katikati?"

Hapo jasho likamtoka. Habari za kuoga, mbele ya mkwe! "Sifuri," akasema haraka. "Na hayo yaliyobaki yote weka sifuri."

Mkwe naye alikuwa ameinamia faili la mama, analisoma kichwa chini miguu juu.

Nesi hakubishana. Alikuwa amemwona mama huyu akiingia: alishika fremu ya mlango, akajifanya anasoma bango la kunawa mikono mpaka pumzi zikamrudia. Akamgeukia mkwe.

"Kaka, naomba ukatuangalizie foleni ya dawa."

"Lakini bado hatujaandikiwa..." Mkwe akaelewa, akainuka. "Sawa, dada. Na nitachelewa kidogo."

Mlango ukafungwa.

"Sasa tumebaki wanawake," nesi akasema. "Tuanze upya. Huu si mtihani, mama, hakuna kufaulu wala kufeli. Kile chombo ulichopuliza chumba cha vipimo kabla ya kuja hapa kinapima mapafu, lakini hakijui unavyolala wala unavyooga. Hayo unayajua wewe. Ukimpa daktari sifuri, atakupa dawa ya mtu wa sifuri."

Mama Mwiko akatazama viganja vyake. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kujikaza kisabuni, kulalamika hakukuzoea.

"Naoga nimekaa," akasema polepole. "Ndoo naibeba nusu, napumzika, nafuata nusu nyingine. Siku nyingine nachoka kabla sijafika miguuni, navaa hivyo hivyo. Nalala nimeegemea mito. Mjukuu wangu akitaka twende dukani namwambia jua kali. Hata siku ya mawingu!"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na nesi akamshika mgongo mpaka kikapita. Kisha akaandika: nne, tano, nne, tano.

"Nimwambie mkwe wako?"

"Ya ndoo mwambie. Ya miguu tubaki nayo sisi."

Daktari alipoziona alama zile alimwongezea dawa ya pili ya kuvuta kwa kinywa, juu ya ile aliyokuwa nayo, akampeleka kwenye mazoezi ya kupumua, akamfundisha kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Hakumficha kwamba mapafu yaliyochakaa hayawi mapya. Lakini kuishi nayo vizuri, alisema, kunawezekana.

Jumamosi yake mkwe alishinda bafuni na msumeno na mabomba. Jioni palikuwa na bomba la mvua, kiti kilichofungwa ukutani na chuma cha kushikilia.

"Mama, kulikuwa kunavuja," akasema, macho chini. "Nimerekebisha."

Hapakuwa panavuja popote. Mama Mwiko aliingia, akafungua maji, akaoga mpaka vidole vya miguu, na machozi yakachanganyika na sabuni.

Waliporudi kliniki baada ya miezi kadhaa, alijibu kila swali bila kupepesa macho. Alama zake hazikuwa sifuri. Zilikuwa mbili, tatu, mbili, na dukani alikuwa akienda na mjukuu, akisimama njiani apumue bila kumwonea mtu haya.

"Mwanangu," akamwambia nesi, akiushika mkono wake kwa mikono yote miwili, "ulinifungua kinywa, ndipo kifua kikafunguka. Ahsante sana."

Alipofika nyumbani alimwombea nesi dua, daktari dua, na mkwewe dua mbili.