Msumari Mgongoni mwa Gundi

"Fundi, huyu mbwa amemeza msumari?"

Daktari wa mifugo alisimama mlangoni mwa chumba cha eksirei, picha mkononi, amekunja uso. Fundi viatu alitazama dirishani kana kwamba ameulizwa mtu wa nje.

"Fundi, nasema na wewe."

"Hajameza. Uko kwenye manyoya. Nimeubandika mimi."

"Wa nini?"

"Nijue picha ni ya mbwa wangu. Ile ya juzi sikuiamini. Mifupa haina majina."

Daktari alimkazia macho, kisha akacheka kwa pua. "Haya, njoo ukague mali yako."

Ndivyo fundi alivyokuwa. Kila kiatu kilichopita mikononi mwake alikitia nukta ya wino chini ya ulimi, asije mtu akadai amebadilishiwa. Na tangu Gundi, mbwa wake wa miezi saba, aanze kuburuta miguu ya nyuma, kucha zikilika kwa juu kama ncha za viatu vya mlevi, alimshuku kila mwenye mguu. Zaidi ya wote alimshuku shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akiishi nao. Shemeji hakupenda mbwa. Shemeji alivaa viatu vya ncha ngumu. Fundi aliviomba eti avitie soli, akavigeuzageuza juani, akakuta kwenye ncha unyoya mmoja wa kahawia, kama wa Gundi. Ukamtosha. Alivifungia kwenye kasha la vifaa kama ushahidi, akamwita shemeji mvunja migongo mbele ya dada yake. Siku hiyohiyo shemeji alihamia kwa rafiki, ndara miguuni.

"Na kama si yeye?" mkewe alimuuliza. "Uso wako utauweka wapi?"

"Ni yeye."

Sasa daktari aliibandika picha kwenye kioo chenye taa. "Msumari wako huu."

Fundi alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Ulikuwa wake kweli; aliupinda mwenyewe kwa koleo. Chini yake pingili za mgongo zilipangana, nene, za mraba. Isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa nusu, imechongoka kama kabari, na mgongo wote ulikuwa umekunjika juu yake. Hakuhitaji kuelezwa: kata kisigino mshazari, kiatu kizima kitakwenda upande.

"Nani kaipiga?"

"Hakuna. Haikuumbika yote, tangu tumboni mwa mama yake. Kadiri anavyokua mgongo unapinda, na mshipa wa fahamu unaopita katikati unabanwa."

"Teke haliwezi?"

"Teke huvunja, fundi. Tazama kingo hizi. Kuna ufa?"

Alitafuta ufa. Alitafuta kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani aliomba moyoni akute kitu kimevunjika.

"Nitafungua mgongo," daktari alisema, "nipunguze mfupa unaobana, nizikaze pingili za jirani kwa skrubu. Huenda akatembea. Huenda asiamke. Tukimwacha, miguu inakufa."

"Nizione hizo skrubu."

Alizipima kiganjani, akapitisha ukucha kwenye meno ya skrubu, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kazi safi. Hilo nalo lilimuudhi.

"Fungua," alisema.

Siku ya tisa baada ya upasuaji, Gundi alitolewa nje, kwenye uwanja wa kliniki, sakafu ikiwa bado mbichi kwa maji ya kuoshea. Mshono ulimpita mgongoni, umenyooka. Fundi aliuhesabu na kukuta hauna kasoro. Shemeji alisimama kando, na ndara zake, ameletwa na dadake kwa kusukumwasukumwa.

"Shemeji," fundi alisema. Akamnyooshea viatu, vimetiwa soli mpya, vimeng'arishwa mpaka vinaona aibu.

"Hii soli umenitilia kwa moyo gani?"

"Kwa moyo wa kazi. Vaa."

Shemeji hakuvaa. Alikichukua cha kulia, akakipindua, akakigonga kisigino kiganjani, kisha akaingiza mkono wake ndani, polepole, vidole vikipapasa mpaka kwenye ncha, kama mtu anayetafuta msumari.

Fundi alimwacha apapase. Nyuma yao, kutoka sakafu mbichi hadi palipokauka, Gundi alikuwa amejikokota hatua tatu. Nyayo za mbele zilionekana wazi. Za nyuma zilikuwa mistari miwili ya kuburuzwa, na mwisho wa mstari mmoja, hafifu, ikikauka tayari, alama ya vidole vinne.