Upinde wa Mkono wa Kushoto

Nisikudanganye: mimi nilikwenda kujifunza upinde kwa sababu nilidhani ni mchezo wa kufumba jicho moja. Jicho langu la kulia lina ukungu mwaka sasa, na hakuna anayejua, si mke wangu, si bosi, wala daktari. Daktari ndiye ninayemkimbia kuliko wote, maana dereva wa foklifti akiandikiwa karatasi ya jicho, kesho yake anakabidhiwa ufagio. Nimeendesha foklifti ghalani miaka ishirini na miwili. Ufagio sitaki hata kuusikia.

Binti yangu, kitindamimba, hufundisha watu wanaoanza, kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule moja. Tangu aolewe namwona kwa nadra. Mumewe ndiye ninayemwona kila siku, kwani ni mkaguzi wa mizigo pale pale ghalani, kutwa anatembea na makaratasi yake kando ya foklifti yangu. Basi binti aliponiambia, "Baba, njoo ujaribu, utapenda," nikajisemea, hewala! Nitakaa na mwanangu, na jicho bovu nitalifumba hadharani bila mtu kuniuliza.

Kumbe! Neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba, hapa hatufumbi jicho. Tunalenga macho yote mawili wazi."

Nilitaka kugeuka nirudi nyumbani saa ile ile. Na hakuishia hapo. Akataka kunipima macho kabla sijachagua upinde, ajue lipi linaongoza katika kulenga.

"Unipime nini?" nikafoka. "Mimi natumia mkono wa kulia tangu nizaliwe. Nipe upinde wa kulia tuendelee."

Akanitazama kidogo, akaniacha. Pinde zilikuwa zimepangwa mezani, za mbao, ncha zake zimekunjwa kwa nje kama midomo ya mtu aliyenuna, na kila mmoja umeandikwa uzito wake wa kuvuta. Nikabeba mzito kuliko yote.

"Huo weka chini, Baba. Anza na huu wa paundi ishirini."

"Huo si wa watoto?"

"Ni wa wanaoanza. Na humu ndani mimi ni mwalimu."

Haya. Mwanangu niliyemfunga kamba za viatu! Nikauvuta ule mzito kwa hasira. Bega likalia ko, mshale ukaenda kushoto ukajichomeka kwenye pazia. Jirani yangu kwenye mstari wa kulengea, mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mwembamba ambaye ukipiga chafya anaanguka, alikuwa na upinde wa paundi ishirini, na mishale yake yote imekaa katikati. Akaniambia, "Taratibu, mzee." Mzee! Yeye amenizidi miaka kumi!

Nikaupokea ule mwepesi nimeuma meno. Mshale ukaenda kushoto.

Jumamosi ya pili nikasema upinde ni mfupi. Binti akanipa mrefu zaidi, akanieleza kwamba mtu wa kimo changu akitumia mfupi kamba humbana vidole. Mishale ikaenda kushoto. Ya tatu nikasema mishale ni mibovu. Akanibadilishia. Kushoto tena! Ya nne nikalaumu kishikio, nikalaumu taa, nikamlaumu mwalimu wa hesabu kwa kukohoa. Roho ilikuwa inanichemka, na binti ananijibu kwa upole ule wa kuwajibu wagonjwa, jambo lililonitia wazimu zaidi.

Na ubaya ni kwamba sababu niliijua. Ukivuta kwa mkono wa kulia, mshale unakaa chini ya jicho la kulia. Langu lilikuwa linaona moshi mtupu, kwa hiyo la kushoto ndilo lililokuwa linalenga, na mshale unakwenda kombo. Nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza Jumamosi nne mfululizo. Hayo ndiyo maisha ya mwongo, yanachosha kuliko kupakua kontena kwa mikono.

Jumamosi ya tano binti aliniondolea upinde mkononi. "Leo nakupima, utake usitake. Nyoosha mikono, kutanisha viganja, acha kitundu katikati. Nitazame pua yangu kupitia hicho kitundu."

Alikuwa amesimama mbele yangu, hatua kumi hivi. Nikajikaza kisabuni. Nikakipeleka kitundu kwenye jicho la kulia, la kushoto nikalifumba. Ukungu. Ndani ya ukungu kuna kitu kirefu cheusi.

"Unaiona pua yangu?"

"Naiona!" nikasema. "Tena vizuri kabisa. Pua ya bibi yako hiyo, mama yangu mzazi, hukuacha hata kidogo. Hata akinuna ilikuwa hivyo hivyo, naiona hapo ilivyotuna..."

Nikaendelea kupayuka, maana mwongo hajui pa kukomea. Nilipopumua, sauti yake ikatokea karibu na bega langu la kushoto.

"Baba, mimi niko huku."

Nikafumbua jicho zima. Pale mbele palikuwa na koti tu, limetundikwa kwenye nguzo iliyokuwa nyuma yake. Koti ndilo nililolisifia pua.

"Tangu lini?"

"Mwaka."

"Mama anajua?"

Nikatikisa kichwa. Nilitamani anigombeze, nami nipate pa kufokea. Hakunigombeza.

"Mume wangu akiwa kazini, hutembea upande wako upi?"

Lo! Mwaka mzima nilikuwa nawaza ufagio. Hilo sikuwahi kuliwaza, au nililiwaza nikalikimbia.

"Kulia," nikasema.

Akaweka kiganja mdomoni. Kisha akaenda kabatini, akarudi na upinde wa mkono wa kushoto. Akaniwekea kishikio katika mkono wa kulia, akaniambia nivute kwa kushoto. Nilivuta kama mtu anayejifunza kula upya. Mshale wa kwanza ukaingia kwenye duara la njano, katikati kabisa. Wa pili ukakaa kando yake. Wa tatu pia. Mwalimu wa hesabu akapiga makofi. Wiki tano nimeililia njano ile, na sasa ningeshukuru kama mishale ingekwenda kwenye pazia, maana kila mmoja ulikuwa ushahidi wa jicho langu.

Nikatia mkono mfukoni. Ufunguo wa foklifti huwa natembea nao hata siku za mapumziko. Nikamnyooshea binti yangu.

"Si wangu huo," akasema. "Jumatatu utampa bosi wako mwenyewe, halafu twende wote kwa daktari."

"Na wakinipa ufagio?"

"Utafagia, Baba. Na mume wangu atarudi nyumbani."

Nikaurudisha ufunguo mfukoni, nikaenda kung'oa mishale yangu.