Tiketi Yenye Pengo

Mama Sare alisukuma mlango wa wakala wa tiketi saa mbili asubuhi, pini tatu zikiwa bado zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake. Tangu alfajiri alikuwa akipinda marinda ya sketi za shule. Kwenye kibanda chake cha kushonea zilibaki sketi kumi na tisa.

"Nimeipata," alisema mwenye ofisi kabla ya salamu. Wateja walimwita Kapteni, ingawa ndege alizijua kwenye skrini tu. "Siku tatu nimeisaka. Kaa, mama."

Mama Sare alikaa. Alikuwa na binti wawili ughaibuni, katika miji miwili ya nchi moja, saa saba za basi kati yao. Mkubwa alikuwa anakaribia kujifungua. Mdogo alifanya kazi za ndani, na mama yake alikuwa hajamwona kwa miaka sita. Mdogo hakuweza kumfuata dada yake, kwa sababu pasipoti yake ilikuwa imefungiwa kabatini na bosi wake.

"Ukikata tiketi mbili, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, wanakuchinja," Kapteni alisema. "Ukienda na kurudi mji ule ule, milioni moja na laki nne. Lakini ukiomba tiketi moja yenye pengo katikati, unashukia kwa mkubwa, unapandia kwa mdogo, inateremka mpaka milioni moja na laki mbili. Na begi lako la kilo ishirini na tatu ndani."

"Na pengo?"

"Pengo unaliziba na basi. Elfu sitini."

Mama Sare alikuwa na milioni moja na laki nne kamili. Aliitazama skrini kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Mbona njia ndefu ni rahisi kuliko fupi?"

"Mama, hayo usiniulize mimi. Waulize wenye ndege, na wao hawajui."

Alimchapishia karatasi ya nafasi aliyomshikia. "Wapelekee watu wa viza. Wakigonga muhuri, rudi tulipe."

Ofisi ya viza ilikuwa mitaa minne kutoka pale. Mama Sare alipewa namba themanini na sita. Kiti cha kwanza alichokalia kilikuwa cha mlinzi, akainuliwa. Saa sita na nusu aliitwa dirisha la tatu, kwa kijana mwenye shati lililokaa vibaya mabegani. Kijana aliisoma karatasi mara mbili.

"Mama, hapa unaingilia mji huu, unatokea ule."

"Ndiyo. Kuna mwanangu kule pia."

"Fomu ina mstari mmoja wa mwenyeji. Mwenyeji wako yuko huku, kwa hiyo unatokea huku huku. Ukitaka kule, alete barua ya mwaliko na nakala ya pasipoti."

"Pasipoti anayo bosi wake."

"Basi huyo bosi aandike barua."

"Bosi anayemfungia pasipoti ndiye atamwalika mama yake?"

Kijana alitazama saa ya ukutani. "Sheria sikuitunga mimi. Leta tiketi iliyolipiwa, kwenda na kurudi mji mmoja, kabla sijafunga dirisha saa nane. Vinginevyo utapangiwa siku nyingine. Mwezi ujao, kama nafasi ipo."

Mwezi ujao mtoto angekuwa ameshazaliwa.

Kapteni alikuwa na kipande cha mkate mdomoni alipomwona mlangoni. Alisikiliza, akaacha kutafuna.

"Wamelikataa pengo langu?"

"Wamelikataa. Nikatie ya kwenda na kurudi."

"Milioni na laki nne zako zitakwisha zote, mama. Hutabakiwa na hata nauli ya basi." Alifuta mikono kwenye suruali. "Ndiyo hivyo, utamwona mmoja. Mwingine mtaongea kwenye simu."

Mama Sare alichomoa pini moja kwenye kola, akaichomeka tena palepale.

"Zile kilo ishirini na tatu, zinauzwa shilingi ngapi?"

"Begi? Ukiliondoa, bei inashuka laki moja na elfu ishirini. Lakini utakwendaje bila begi? Nguo za mtoto? Zawadi?"

"Basi kwenda elfu sitini. Na kurudi?"

"Elfu sitini."

"Liondoe."

Kapteni alimtazama. "Saa kumi na nne za basi, mama. Na magoti hayo?"

"Kata, mwanangu. Saa inakwenda."

Saa nane kasoro dakika tano alikuwa tena dirisha la tatu. Kijana alilinganisha majina, akalinganisha miji.

"Sasa umeelewa. Na kule kwingine hutakwenda?"

"Tiketi si hiyo umeishika?"

Muhuri uligongwa.

Kibandani alizikuta sketi kumi na tisa zikimngoja, akazisogeza pembeni. Alitoa koti lake la baridi la mtumba, akafumua bitana. Kulia alishona mfuko mpana wa nguo sita za mtoto na shali. Kushoto akashona mwingine wa gauni la kijani alilomshonea mdogo miaka minne iliyopita, kwa vipimo vya kukisia. Alilivaa koti, akanyanyua mikono, akazunguka mara moja. Mabega yalikaa sawa.

Kisha alichukua simu, akamwandikia binti yake mdogo: *Taka unatoa nje saa ngapi?*

Jibu lilimkuta akitafuta kitufe.

*Saa moja asubuhi mama. Dakika kumi. Kwa nini?*

Mama Sare aliweka simu chini, akaingiza uzi kwenye sindano, akashona kitufe cha mfuko wa kushoto.