Milango Saba ya Mtungi wa Shifaa

Katika nchi ya Wasiwasini, iliyopakana na Dhana upande mmoja na Fitina upande wa pili, adabu ya kwanza aliyofundishwa mtoto ilikuwa kutazama nyuma. Jirani akikuletea chakula, ulimketisha akile yeye kwanza. Hata hivyo, kitu kimoja watu wale walikuwa nacho kwa shirika: Mtungi wa Shifaa, mpana kama kisima, uliojaa dawa ya homa. Sharia yake ilikuwa nyepesi: onja; ukiikuta hafifu, tia kijiko kimoja cha unga wa mzizi, koroga, ndipo uchote. Kijiko kimoja kiliponya, viwili vilidhuru.

Kwa kuwa hakuna ukoo ulioamini kufuli la ukoo mwingine, mtungi ulizungushiwa vyumba saba, kila kimoja na mlango wake, kufuli lake, na tundu la kupitishia mkono. Mtu alijifungia humo, akajiona yu peke yake na dawa.

Hivyo ndivyo alivyojifungia Taraji, mama kijana wa ukoo wa Upole, siku mwanawe Salama aliposhikwa na homa. Kabla ya magharibi mtoto alikuwa akitapika nyongo, na baba mzazi wa Bwana Tuhuma, wa ukoo wa Kiburi, amelala hajitambui, wote wawili baada ya kunywa dawa ya mtungi. Mungu akawanusuru wote wawili. Lakini Tuhuma alikwisha kumshitaki Taraji kwa kutia sumu. Adhabu ya mtia sumu ilikuwa chumba cha ukoo wake kuzibwa kwa mawe, na homa ya Salama ilikuwa ile ya kurudi kila siku ya tatu.

"Nilimwona akiingia na mtoto mgongoni," Tuhuma alimwambia Kadhi Insafu. "Mwenye nia njema hujificha nyuma ya mtoto?"

"Ningemwachia nani, kaka yangu? Wewe?"

Watu wakacheka, kisha wakatazamana kuona nani aliyeanza.

"Naomba nimuulize, mheshimiwa," alisema Taraji, akimpapasa mwanawe mgongo. "Kaka, uliionja?"

"Niliionja. Ilikuwa hafifu. Nikatia kijiko kimoja, kama sharia."

"Saa ngapi?"

"Ngoma ya adhuhuri ikilia."

"Nami ngoma ilikuwa ikilia. Niliionja hafifu, nikatia kimoja."

Kadhi akakuna ndevu. "Lakini kila mmoja wenu alifunga mlango."

"Tulifunga milango, baba. Mtungi haukufungwa na mtu."

Kadhi akaamuru milango sita izibwe, ubaki mmoja, wenye kufuli moja na ufunguo mmoja. Aliye ndani ndiye mwenye ufunguo. Wengine wasubiri mpaka aonje, akoroge, achote, atoke.

Siku ya tatu homa ilirudi. Taraji alifika mbio, akaukuta mlango umefungwa. Tuhuma alikuwa ndani.

"Huyo hatoki leo," mtu alinong'ona nyuma yake. "Atatia anavyotaka, aende zake na ufunguo."

Taraji naye alikuwa akiwaza hayo hayo. Mtoto alimchoma mgongo kama chungu kilichotoka jikoni.

Komeo likalia. Tuhuma akatoka na kikombe, akamtia ufunguo kiganjani bila kumtazama usoni.

"Ilikuwa hafifu, mama Salama. Nimetia kimoja."

"Ahsante, kaka."

Akaingia, akafunga, akaionja hata hivyo. Ilikuwa imetimia. Kijiko akakiacha palepale kwenye msumari, akamchotea mwanawe.